Klabu ya Vidato Vitatu

Enzi zetu, na naomba msicheke kwa kuwa enzi zetu zilikuwa juzijuzi tu, mtoto wa Kiswahili wa pale Ruwais, mtaa wa Jeddah, alijua mambo matatu kabla hajajua kusoma: bahari iko upande gani, paka yupi ni wa nyumba ipi, na kwao wanasimama kidato cha ngapi. Mie nilikuwa wa kidato cha pili. Maana yake sikuijua, lakini mtoto wa kidato cha kwanza nilimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

Tukicheza nage uchochoroni, mpira wenyewe soksi ya baba iliyoshindiliwa mifuko ya plastiki, na maji ya viyoyozi yakitudondokea utosini mwaka mzima. Mutabaki wa moto, ule mkate mwembamba uliokunjiwa nyama na mayai, tulinunua kwa Myemeni wa kona, tukaukata vipande vinane. Mkataji ni mie, na nilihesabu mara mbili, maana siku niliyohesabu mara moja kipande kimoja kilipotea, na aliyekila namjua mpaka leo. Ana watoto wawili na duka la simu. Skuli tulisoma Kiarabu, nyumbani tukakatazwa kukileta mezani. Mama alikuwa na msemo wake: "Kiarabu cha njiani kibaki mlangoni na viatu."

Watoto wa leo ukiwaambia habari za Klabu wanauliza kama ilikuwa ya mpira. Wacha niwaeleze, na wenzangu mlioikuta mtanisahihisha.

Klabu ya Vidato Vitatu ilizaliwa Unguja, kwa mabibi wa nasaba, katika nyumba iliyokuwa na vidato vitatu mlangoni. Cha juu walisimama wenye majina marefu kuliko gauni zao. Cha pili, wake wa makadhi na wa wenye mashamba ya karafuu. Cha kwanza, walioingia kwa kuolewa. Chini ya hapo ni barabara, na barabara haina daftari. Mara moja kwa mwaka ilifanyika dansi rasmi: gauni mpaka sakafuni, glavu mpaka kwenye kiwiko, na rais wa klabu akifungua dansi kwa kumshika mkono mgeni wa heshima na kumzungusha ukumbini. Yalipotokea ya sitini na nne kila mtu alikimbia na alichokiwahi. Mmoja alichukua dhahabu, mwengine mtoto, na nyanya yake Bi Aziza, huyu aliyekuja kuwa rais wetu Jeddah, akachukua daftari la klabu. Ndiyo maana ukoo wa Bi Aziza mpaka kesho hawana dhahabu, lakini urais hauwatoki.

Basi klabu ikafika Jeddah ikiwa na daftari na haina nyumba. Hilo halikuwashinda. Walimwita seremala wakamchongesha vidato vitatu vya mbao, kama sanduku, vikawa vinapakiwa nyuma ya gari na kuwekwa mbele ya mlango wa ukumbi wowote utakaokodiwa. Kumbi za Jeddah ziko sawa na ardhi. Kwa hiyo bibi alipanda kimoja, akapanda cha pili, wa juu akapanda cha tatu, akasimama akasalimiwa, kisha akashikwa na watu wawili akarushwa chini upande wa pili ili apate kuingia. Hivyo ndivyo nilivyouona utukufu kwa macho yangu.

Na waume zao? Wajukuu wa mabwana walikuwa makarani bandarini, wakigonga mihuri karatasi za makontena ya vigae. Baba yangu aligonga miaka kumi na tisa. Riyadh nako kulikuwa na tawi, nalo likijiona ndilo shina. Wenyewe walikaa Manfuha, katika nyumba ambazo ukiegemea ukuta unaondoka nao mgongoni, lakini ukiwauliza walisema, "Sie tunakaa Riyadh kongwe." Sie wa Ruwais tukiulizwa tulisema, "Ufukweni."

Dansi yenyewe ilikuwa ya wanawake tu, alasiri mpaka karibu na magharibi. Cha kusikitisha ni kwamba hapakuwa na aliyeijua. Waliojua walikufa, wakaacha hesabu bila miguu. Kila mwaka mabibi walishikana viuno wakanong'ona "moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu," na mie nikiwahesabu kutoka chini ya meza yenye sambusa, nikaona wengi wana mbili, wachache wana nne, na tatu haikupatikana.

Sasa lile daftari lilikuwa na sharti moja la tangu Unguja: kila bibi aje na mtumishi wake wa kumshikia pochi na pepeo. Jeddah sharti hilo lililala usingizi miaka mingi, kwa sababu mabibi wenyewe ndio waliokuwa wakiosha vyombo. Kisha mawakala wakaanza kuleta wanawake kutoka Kenya, ndege kwa ndege, na Bi Aziza akapata mmoja kwa miezi sita. Wiki ile ile sharti likaamka. Akalisoma kwa sauti, miwani puani: "Asiye na mtumishi mwaka wa kwanza, huonywa. Mwaka wa pili, hufutwa."

Mwaka wa kwanza sie tulionywa.

Mnaweza kusema, mkifutwa kitatokea nini, si mtakula sambusa kwenu? Kweli. Lakini dada yangu Nasra alikuwa amependana na kijana wa Riyadh, mtoto wa Bi Raya, na Bi Raya alikuwa na neno lake moja analolitembeza Manfuha nzima: "Mie siozeshi nje ya daftari." Posa ilikuwa ije baada ya dansi ya mwaka wa pili, na Bi Raya alikuwa anakuja Jeddah kwa macho yake. Nasra alikonda. Alikuwa akisimama mbele ya kioo akijipima gauni la mama, halafu anakaa kitandani nalo, anayatazama mapindo.

Mama hakuwa mtu wa kulia. Alipanda juu darini, penye kamba za nguo, ambako wanawake wa Kenya waliofanya kazi katika jengo letu walikutana asubuhi kuanika. Nilimfuata kwa sababu palipo na mapatano mie nipo.

"Nina shida nanyi, wanangu," akasema. "Alhamisi tuna shughuli yetu ya wakubwa. Nataka mtumishi mmoja tu, alasiri mpaka magharibi. Nikienda bila mtumishi nimeaibika, na ndoa ya binti yangu imekwisha."

Wakatazamana. Mmoja aitwaye Akinyi, aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya chini yetu, akaacha shuka lake. "Mtumishi? Yuko, mama. Mtumishi Rodha, wa ghorofa ya tatu. Lakini huyo haitwi ovyo ovyo. Anaitwa na heshima."

"Nitamheshimu. Kwa nini nisimheshimu?"

"Na akae mbele, asiwekwe huko nyuma."

Mama akadhani hayo ni mapatano ya kawaida. "Atakaa anapotaka, mradi asiseme sana."

Wakacheka. "Huyo asiseme? Sawa, tutamwambia afupishe. Kwani atapewa muda gani?"

"Si nimekwambia, alasiri mpaka magharibi. Kama saa tatu."

"Masaa matatu! Wueh!" Akinyi akashika kiuno. "Enyewe nyinyi mnampenda Mungu. Hata nyumbani hawampi masaa matatu."

Mama akashuka ngazi akisema wanawake wa Kenya wana maneno mengi lakini roho zao nyeupe. Sie hatukujua. Kwetu mtumishi ni wa kushika pochi. Kwao wale, Wakristo wa bara, mtumishi ni anayemtumikia Mungu: anayewaombea, anayepewa kiti cha mbele, anayeamkiwa kwa kuinamiwa. Rodha ndiye aliyekuwa akiwaombea pale darini, sauti chini, katikati ya mashuka mabichi. Madam wake, bibi mzee wa Kisaudi mpole, alipoombwa alisema, "Yalla, aende. Magharibi, halas, awe jikoni."

Alhamisi tukamkuta Rodha anatungoja getini. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu mzima, anayetembea kama anayehofia kumwaga kitu. Ndani ya abaya alikuwa amevaa gauni la kijani la shanga, la ujana wa madam wake, ambalo wenzake walilipunguza na kuliongeza kwa usiku wa siku mbili. Mama akaduwaa, lakini teksi ilikuwa imeshafika. Akampa pochi. Rodha akaipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akaivaa mkononi mwake. "Asante sana, mama. Mungu akubariki. Hukuhitaji kununua zawadi."

Nasra, ndani ya teksi, akageukia dirishani.

Ukumbini abaya zilivuliwa mlangoni, na kwenye vile vidato vya mbao Bi Raya wa Riyadh alikuwa amesimama akikagua waingiao. Rodha alitangulia, kwa vile hakuna aliyemwambia asitangulie. Gauni likanasa kwenye msumari wa kidato cha kwanza. Mama, kwa kuogopa shanga za watu zisimwagike, akainama akamshikia pindo. Basi alichokiona Bi Raya ni bibi mrefu wa kijani anapanda vidato, pochi mkononi, na mama yangu nyuma amembebea gauni.

"Karibu, bibi," Bi Raya akasema, mgongo umemnyooka. "Kwenu kidato cha ngapi?"

Mie nilisoma skuli ya Kiarabu, na Bi Raya hakusoma kabisa. Hatukujua kwamba huko Kenya kidato ni darasa la sekondari.

"Nilifika cha nne," akasema Rodha, kwa unyenyekevu. "Hapo karo ikaisha."

Kidato cha nne! Bi Raya alishuka chini yeye mwenyewe, bila kushikwa. Alikuwa hajapata kusikia klabu yenye vidato vinne. Akamchukua mkono mpaka meza ya juu, akamkabidhi kwa Bi Aziza, na kumnong'oneza sikioni. Rodha akainamisha kichwa, akasalimu kama walivyozoea kwao: "Bwana asifiwe."

Bi Aziza alikuwa mjane wa mwaka wa tatu. Machozi yakamlengalenga. "Wallahi alikuwa mtu wa kusifiwa," akasema. "Wewe ulimjua wapi?"

"Amenitoa mbali," akajibu Rodha.

"Alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa," Bi Aziza akasema, akamvutia kiti.

Mama alikuwa amesimama kati ya meza na mlango, mdomo wazi, na mie nilimwona anahesabu: akisema sasa, anapoteza nini, akinyamaza, anapoteza nini. Kabla hajamaliza, ngoma ikaanza na Bi Aziza akamtoa Rodha kufungua dansi.

Sikilizeni. Rodha hakuwa anajua dansi yoyote ya glavu. Lakini kwao Kakamega alikuwa akiongoza maharusi kuingia kanisani, ile hatua yao ya taratibu, mbili mbele, simama, geuka nusu. Akaushika mkono wa Bi Aziza akaanza kumpeleka hivyo hivyo, shingo imesimama. Kwa mara ya kwanza tangu kuhama Unguja hatua zilikuwa na hesabu. Mabibi wakajipanga nyuma yao wawili wawili. Nilihesabu, nikahesabu tena. Hakuna aliyekosea. Bibi mmoja wa kidato cha juu alilia, akasema, "Ndiyo hii, ndiyo yenyewe, mama yangu alikuwa akicheza hivi hivi." Uongo mtupu, lakini alilia kweli.

Baada ya chai kukaja kuitwa watumishi. Bi Aziza anasoma nyumba, bibi anajibu, mtumishi wake anapita mbele, pochi juu, anatoka kwa mlango wa nyuma. Kabla ya kwetu ziliitwa nyumba ishirini na mbili, na watumishi walipita ishirini na mbili. Lakini mie nilikuwa chini ya meza, nikihesabu kwa viatu. Viatu vilikuwa jozi tisa. Akinyi peke yake, aliyekodiwa na nyumba tatu ashike pochi, alipita mara tatu, mara na mtandio mwekundu, mara na wa maua, mara na miwani. Mabibi wote walijua, na wote walikodoa macho mbele kwa heshima.

"Nyumba ya Zuwena," akasema Bi Aziza. Huyo ni mama. "Mtumishi wako?"

Nasra alikuwa ameshika kiti. Bi Raya alikuwa ameegemea mbele, kikombe mkononi. Na Rodha yupo meza ya juu, anakula kashata kwa ncha za vidole. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja tu. Mama angenyoosha kidole kimoja, aseme ndiye yule, inuka mwanamke, na jina letu lingebaki.

"Sina," akasema mama. "Mwaka huu tena sina."

Kikombe cha Bi Raya kikagusa sahani. Nasra aliinama akaanza kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

Hapo Rodha akasimama, akifuta mdomo. "Jamani, mama, usione haya. Mtumishi si niko hapa?"

Mabibi wakamgeukia, viti vikakwaruza sakafu.

"Wewe ni mtumishi?" akauliza Bi Raya. "Wa nani?"

"Wa Mungu."

Bi Raya akapumua. "Ah! Nani asiyekuwa wake!" Na mabibi wote wakaitikia, sote, sote, hasa wa vidato vya chini.

Yangekwisha hapo, lakini aliyekuwa anampepea Bi Aziza zamu ile ni Akinyi, naye fahari imemjaa, akamwinamia: "Huyo ndiye mtumishi wetu. Yuko ghorofa ya tatu, kwa mama mzee. Na kupika, madam, anapika!"

Bi Aziza akamwita mama nyuma ya pazia. Mie nilikuwa nyuma ya pazia tayari.

"Zuwena! Umenichezesha na mtumishi?"

"Umemtoa mwenyewe, Bi Aziza, kwa mkono wako."

"Nakufuta. Leo hii."

"Nifute. Lakini mwenyewe hutuambia daftari halidanganyi. Ukiandika nimefutwa, andika na sababu. Na mstari wa juu yake andika rais amefungua dansi na nani."

Bi Aziza akaufunua ukurasa, akaufunika. "Basi nakuachia mwaka huu."

"Huu na yote inayokuja."

"Miwili."

"Bi Raya anarudi Riyadh Jumapili, na mdomo wake anasafiri nao."

Nikasikia miwani ikivuliwa. "Yote inayokuja. Lakini usije ukaniomba kidato cha tatu."

"Sikitaki. Kinayumba."

Yakaandikwa haya, nimeyasoma mara mbili: dansi imefunguliwa na rais pamoja na Bibi Rodha wa Mtumishi, wa nyumba ya vidato vinne. Na mbele ya jina la mama, alama ya ndiyo, bila maelezo.

Ndani ya teksi Rodha alikuwa na lalamiko moja. "Lakini, mama Nasra, mbona hamkunipa nafasi ya kuomba? Nilikuwa nimejiandaa."

Mama angeweza kumdanganya. Alishawahi kudanganya makubwa zaidi. Akamwambia yote: mtumishi kwetu ni nani, na ile pochi ilikuwa ya kushikwa tu. Rodha akaitazama pochi mkononi mwake. Tukapita taa mbili za barabarani.

"Sasa pale uliposema huna?"

"Ulikuwa unakula. Sikuweza kukuinua."

Rodha akaivua pochi, akaiweka kwenye mapaja ya mama. "Ungeniambia ningeishika. Pochi si kitu. Huyo mama mzee namshika mzima mzima, kila siku, kutoka kitandani mpaka bafuni." Kisha akasema, akitazama nje: "Lakini miaka mitatu nchi hii, leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa kwenye kiti nikaletewa chai. Nimekunywa vikombe viwili."

"Vitatu," nikasema.

"Nyamaza, mtoto," akasema mama. Rodha akacheka, mpaka dereva akageuka. Magharibi alikuwa jikoni.

Posa ilikuja Jumamosi. Bi Raya aliuliza mahari, akauliza tarehe, na akauliza kama yule Bibi Rodha atahudhuria. Hakuhudhuria, mkataba wake uliisha kabla ya harusi akarudi kwao, na darini wakaanza kuomba bila kiongozi. Nasra aliolewa, akahamia Riyadh, na klabu ikaendelea miaka michache kabla haijawa kundi la simu ambamo watu hutumiana maua kila Ijumaa.

Siku hizi hakuna vidato, na vijana wanasema tumeendelea. Wanatualika kwa ujumbe, wanacheza mbele ya simu zao, kila mmoja amejipiga picha yeye na sahani yake, na hakuna anayemuuliza mwenziwe katoka nyumba gani. Mimi mwenyewe nilishangilia upuuzi ule ulipokufa. Mwaka jana Nasra alimfanyia binti yake sherehe hotelini Riyadh. Nilihesabu wageni, kwa mazoea, mara mbili: sitini na mmoja. Palikuwa na mwanamke mmoja wa Kenya, mtu mzima, akizungusha vinywaji tangu saa tisa mchana. Nikamwona anabadilisha mguu wa kusimamia, wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Bi Aziza, kwa ujinga wake wote, angemuuliza kwao ni wapi, akapata jibu la kumkosesha usingizi. Sie watu sitini na mmoja tulichukua glasi zetu tukasema asante, na tulipoondoka hakuna aliyekuwa anamjua jina, hata mie niliyemhesabu.